Benchi Nje ya Hekalu la Moto

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo Mama kanirushia kikombe. Hakikufika. Mikono yake haina nguvu tena, kikaangukia blanketi, chai yote kitandani. Nikabadilisha shuka huku ananiangalia kama mimi ndiye niliyemwaga. Kisingizio: chai haina sukari. Nilijua siyo chai. Ni ile simu.

Alipiga Mdhamini, yule mzee msimamizi wa hekalu lao la moto, mwanasheria mstaafu, mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme. Habari yenyewe: moto unahamishwa. Waumini wamebaki wazee wachache, kuhani ni mmoja na mgongo umemkatika, paa linavuja. Basi moto utachukuliwa, upelekwe mji mwingine kwenye hekalu lenye watu. Jumamosi, tarehe 26. Jengo litabaki la watalii. Tiketi mlangoni, picha ruksa.

Moto ambao haujazimika tangu enzi za babu wa babu yake! Hata mimi nisiyehusika moyo ulinishtuka.

Nilipomaliza kutandika, Mama akasema: "Wewe. Utanipeleka nikauone kabla haujaondoka."

Wewe. Mkwe wake miaka yote hii, na jina langu kwake ni Wewe.

Nikasema sawa, Mama. Ningesema nini?

Jumatano, 9 Oktoba

Foleni ya duka la dawa. Daftari hili linakaa mkobani pamoja na futi yangu ya kupimia wateja, maana siku hizi nashona kidogo na kusubiri sana. Mabenchi ya mji huu yote yananijua makalio.

Daktari kasema wazi. Moyo umechoka. Maji yaliyojaa miguuni yatapanda tu. Nikauliza, ana muda gani? Akainua mabega. "Mpeni anachotaka." Anachotaka! Anachotaka yeye, mimi sina ruhusa ya kukisogelea.

Niandike hapa nitulie. Mimi si wa dini yao. Vitabuni wanaitwa Wazoroasta, mtaani watu wa moto. Wenyewe hawalipendi jina hilo. Hatuuabudu, wanasema, tunasali mbele yake. Sawa. Ila hekaluni haingii mtu wa nje. Si mimi, si mlinzi wa getini aliyezeekea pale pale getini. Na mimi nikaenda kuolewa na mtoto wao, tena mtoto wa kiume pekee. Mama hakuja harusini. Kwetu alihamia baadaye sana, miguu ilipoanza kumsaliti. Na mwaka uleule mume wangu akafa, akatuachia sisi kwa sisi. Wajane wawili, jiko moja.

Na ile siku ya mazishi! Walimwosha, wakamvika nyeupe, wakamleta mbwa amtazame. Ndiyo desturi yao, mbwa ndiye anayethibitisha kwamba roho imetoka. Baada ya hapo mtu wa nje haruhusiwi kuuona uso wa maiti. Mtu wa nje ni mimi, mkewe! Nilikaa kwenye benchi la uani na wafanyakazi wenzake. Mama akapita mbele yangu, kashikwa mkono na binti yake. Hata shingo hakugeuza.

Sijamsamehe. Naliandika na naliacha hapo.

Namba yangu imeitwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Muujiza mdogo. Mama kavaa shati nililomshonea.

Hawa watu huvaa ndani shati jeupe la pamba, na hapa karibu na shingo lina kimfuko kidogo mno. Kidole hakiingii vizuri. Ni cha kuwekea matendo mema ya siku. Aliyekuwa akiwashonea amefariki, na mashati ya Mama yalibaki matobo. Nikafungua moja la zamani, nikachora kiolezo, nikamshonea. Alilikunja, akalisukumia chini ya mto, akalilalia wiki nzima kana kwamba anasubiri lije kuomba radhi.

Leo asubuhi nimemkuta kalivaa. Sijui aliwezaje peke yake. Sikusema kitu, ningemkera akalivua.

"Kimfuko umekishona upande," akasema.

"Mama, na mbona kidogo hivi? Matendo mema yataenea?"

"Cha kwako kingekuwa kidogo zaidi."

Nikacheka. Naye mdomo ukamcheza. Haraka akauficha kwa kikohozi.

Halafu taa. Chumbani kwake kuna taa ya mafuta kwenye glasi, haizimwi, na mimi ndiye ninayeongeza mafuta kwa kuwa mikono yake inatetemeka. Lazima nijifunge kitambaa mdomoni, pumzi yangu isiiguse. Zamani niliona ni dharau. Siku hizi najifunga tu, kama mtu anayekata vitunguu.

Kesho tunaenda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeenda. Tumerudi. Bora tusingeenda.

Mama alivaa nyeupe tupu, skafu kichwani, vipande vyake vya msandali, kuni za harufu za kuupa moto, kwenye mfuko wa plastiki. Hakutaka niushike. Njia nzima alimgombeza dereva wa teksi. Polepole! Shimo hilo! Wewe, macho umeazima? Alikuwa na furaha. Mama akifurahi, mtu atakiona.

Getini mlinzi na mbwa wake, wa manjano, mwenye sikio moja. Akayabwekea magurudumu ya kiti. Mama akamkemea kwa lugha yao, mbwa akarudi kivulini kulala, hata hakutazama nyuma.

Miaka yote nimelipita jengo hili kwa upande wa barabarani. Leo nimelisogelea. Mawe ya kijivu, nguzo nene. Juu ya mlango kuna mzee wa kuchongwa, ndevu ndefu na mabawa, anatazama pembeni kama mtu asiyetaka kuingizwa kwenye ugomvi. Uani kisima na mahali pa kunawia. Ngazi za mawe zimelika katikati kwa miguu ya watu. Na kando ya ngazi, benchi. Sikuhitaji kuambiwa ni la nani.

Kuhani akatoka. Mrefu, mwembamba, mpole, sauti ya chini. Kitambaa cha mdomo kinamning'inia shingoni, maana naye kule ndani hujifunika pumzi. Kumbe siyo mimi tu! Akaeleza: kiti cha magurudumu hakiwezi kuingia, kimekanyaga barabara nzima. Ndani kuna kiti cha mbao, kinatazama moto. Lakini kutoka hapa hadi kwenye kiti lazima abebwe, na mbebaji awe wa kwao.

Wa kwao ni nani waliokuwepo? Kuhani, mwenye mgongo. Mdhamini, mwenye ngiri. Na bibi mmoja anayetembelea fimbo.

Mimi ndiye ninayembeba Mama kila siku, kitandani hadi bafuni, bafuni hadi kitandani. Najua aguswe wapi asiumie. Najua ashikwe vipi ili asione aibu. Nilikaa benchini, mikono mapajani.

Mama akanawa uso na mikono. Akafungua ule mshipi wa sufu anaofunga kiunoni, akasali, akaufunga tena. Wakamnyanyua, Mdhamini magotini, kuhani kwapani. Wakapanda. Karibu wafike. Mdhamini akabanwa na kikohozi. Nikaona Mama anateleza.

Niliruka. Sikufikiri. Unyayo wangu ukagusa ngazi ya kwanza. Na Mama, yuko hewani, anaanguka, akapiga ukelele:

"Usikanyage!"

Siyo nishikeni. Siyo nakufa. Usikanyage!

Nikasimama. Mungu anisamehe, nilisimama kweli. Mguu wake ukagonga ukingo wa jiwe, ngozi ikachanika kama karatasi iliyolowa. Damu. Basi hata kuingia hakuwezekani tena, kwa kuwa mwenye damu haingii.

Kuhani, masikini, alikuwa analia. Akaenda ndani akaleta majivu ya moto kwenye kijiko, ampake kipajini pale pale uani. Mama akageuza uso. "Majivu ni ya aliyeuona," akasema.

Nyumbani nimemfunga bendeji na sijazungumza naye. Nina hasira hata uzi hauingii kwenye sindano. Mtu anaanguka na bado ananifukuza!

Jumatatu, 14 Oktoba

Kidonda kimevimba. Muuguzi wa zahanati kaja, kakisafisha, kaondoka anatikisa kichwa.

Wifi kapiga simu ya video kutoka huko ng'ambo aliko. Kavaa koti zito, yuko ndani ya gari lake. Analia. Wifi, jitahidi umpeleke tena, ni moto wetu, ni mama yetu, ikibidi mbebe hata kwa machela. Nikamuuliza, wewe unakuja lini? Mtandao ukaanza kusumbua. Ajabu mitandao hii, inajua pa kukatikia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jambo moja limenitokea na sina wa kumwambia. Nilipotoka sokoni nimekuta taa ya Mama imezimika. Upepo, dirisha nililiacha wazi. Yeye amelala. Nikawasha kwa kiberiti kama mwizi, kitambaa mdomoni nimesahau.

Alipoamka akaitazama muda mrefu. "Ilizimika?"

"Hapana, Mama."

Akafumba macho. "Uongo unanuka," akasema. "Kwetu sisi, kinachonuka kuliko uongo ni maiti tu."

Nikaenda jikoni nikakaa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mdhamini kaja nyumbani, kakalia kiti changu cha cherehani, kakohoa, kaleta habari njema. Kutoka ule mji mwingine watakuja makuhani vijana, wanne, wenye nguvu zao, kuubeba moto. Jumamosi asubuhi, kabla hawajautoa, watambeba Mama kwanza. "Nimekwisha ongea, msiwe na shaka," akasema, kana kwamba sisi ni wengi.

Mama kafufuka! Amekula. Amelalamika kuhusu chakula. Ameniambia pazia langu ni baya.

Na jioni kazungumza. Sijui ni dawa au ni nini. Kasema alipokuwa mdogo bibi yake alimnyanyua aone vizuri, chumba cha ndani giza, na moto umekaa juu ya chombo chake cha fedha, mkubwa, mtulivu. Bibi akamwambia: huyo ni mfalme, msalimie. Akamsalimia kwa mkono, kama mtu mzima. Wakamcheka.

Nikaona leo ndiyo leo. Nikauliza. Mama, kwa nini hamkumpitisha mwanao pale hekaluni, hata nje ya mlango, siku ile ya mazishi?

Nikajua nimeharibu.

"Kifo ni adui," akasema. "Maiti ndipo adui aliposhinda. Huwezi kumbeba adui ukamweka mbele ya mfalme. Hata awe mwanao." Halafu: "Unadhani sikutaka? Nilitaka. Nililala na kuamka nikitaka."

Nikamuuliza kuhusu yule mbwa. Akasema mbwa hadanganyiki. Mtu hai mbwa humpitia tu, ana shughuli zake. Maiti humkazia macho. Mganga anaweza kukosea, daktari anaweza kukosea, mke anaweza kukataa kukubali. Mbwa hapana.

Mke anaweza kukataa. Alinitazama aliposema hivyo. Basi aliniona siku ile, pale benchini. Aliniona!

Sijui nifanye nini na jambo hili. Nimeshona mapindo ya gauni la mteja, nikakuta nimeyashona nje ndani.

Jumapili, 20 Oktoba

Usiku na mchana kwake ni sawa sasa. Anapumua kama anapanda mlima. Mito mitatu, bado hewa haitoshi. Ngoja tu Jumamosi, Mama. Anaitikia kwa kidole.

Jumatano, 23 Oktoba

Mungu wangu. Ni kesho!

Mdhamini kapiga. Mvua kubwa inatangazwa mwisho wa wiki, njia ya kutoka mjini hufurika, moto hauwezi kukwama barabarani. Wanaondoka kesho asubuhi. Vijana wameshafika. Mlete mapema.

Daktari naye kwa simu: msimsogeze. Akisogezwa sidhamini kitu. Nikamkumbusha, wewe ndiye uliyesema apewe anachotaka. Akasema, basi mfunike vizuri.

Nimemwambia Mama yote, la Mdhamini na la daktari. Sitaki uongo tena chumbani mle. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: shati lake limefuliwa?

Limefuliwa. Liko kwenye kamba ndani, linakauka.

Naogopa. Miaka yote nilifikiri siku hii ikikaribia nitapumua. Sipumui.

Alhamisi, 24 Oktoba

Benchini. Lile lile.

Niandike tu, mikono ipate kazi.

Tumefika kwenye rasharasha. Mlinzi akatufungulia, akamfunika Mama kwa mwavuli wake mwenyewe, yeye akalowa. Njiani Mama hakumgombeza dereva. Hata neno moja. Hilo limeniogopesha kuliko daktari.

Uani kuna gari jeupe, ndani wamejenga kama kichumba. Kando ya kisima vijana wanne, wamevaa nyeupe tupu, vitambaa mdomoni. Mikono minene hiyo! Nikasema afadhali. Nikasukuma kiti kuwaelekea. Wakarudi nyuma. Wote kwa pamoja, kama nimewaletea nyoka.

Kuhani akaja mbio na mgongo wake. Kumbe! Wanaoubeba moto hutakaswa kwanza. Hufungiwa peke yao siku tisa wakisali, na wakitoka hapo hawagusi mtu asiye wa kundi lao. Sembuse mgonjwa mwenye kidonda. Wakimgusa utakaso umevunjika na moto hauondoki.

"Nani aliyeahidi mikono yao?" kuhani akauliza.

Mdhamini akakohoa. Akasema alidhani. Vijana, wana nguvu... hilo la kutakaswa halikumjia. Mwanasheria! Kasimamia hekalu nusu ya maisha yake, hati ya kiwanja anaijua kwa kichwa, na hajui mkono upi wa kwao unaruhusiwa kugusa nini. Nilitaka nimkabe kwa ile tai yake. Sauti ilinipanda, sikumbuki nilisema nini. Mlinzi alinishika bega.

Mama alikuwa kafumba macho. Akafumbua.

"Wewe."

"Naam, Mama."

"Vua viatu. Funika kichwa."

Sikuelewa. Kuhani alielewa kabla yangu. Akapiga goti mbele ya kiti, taratibu, kwa maumivu. Mama, akasema, unajua haiwezekani. Na mguu huu bado una kidonda. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukituhimiza tusilegeze.

"Kidonda kimefungwa. Kakifunga huyu." Sauti ya Mama ilikuwa imebaki ndogo, lakini ilikuwa ile ile ya kugombeza. "Huyu ndiye miguu yangu. Mlangoni watu huacha viatu. Umeona wapi mtu akaacha miguu?"

Kuhani akamtazama. Akanitazama mimi, mara ya kwanza vizuri. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaingia ndani kushauriana na wenzake, Mdhamini nyuma yake na kikohozi chake.

Nimevua. Jiwe lina baridi mpaka kwenye meno. Nimefunga ile skafu yangu ya kijani, sina nyeupe. Viatu nimevipanga chini ya ngazi, pembeni ya vyao.

*

Bado wako ndani. Sauti inapanda, inashuka. Sijui wanasemaje.

Nimekisogeza kiti hadi kwenye benchi, Mama kaniegemea begani. Aliomba maji. Tone moja tu, mengine yakamwagika kidevuni. Akapapasa shingoni mpaka akakipata kile kimfuko cha shati.

"Umekishona upande."

"Nitakirekebisha, Mama."

"Acha. Kimeshanizoea."

Halafu akaniita. Kwa jina langu. Jina langu lenyewe, lote, hakukosea hata herufi! Kumbe alilijua muda wote huu. Nikaitika, naam, Mama. Nikangoja. Hakusema lingine. Alikuwa ameita tu.

Nimelia kimyakimya ili bega lisitikisike.

*

Wamekubali!

Kuhani katoka mwenyewe kuniambia. Mara hii moja, si desturi, na nisiende kulitangaza. Macho chini. Nimweke kwenye kiti cha mbao, nirudi nyuma hadi ukutani, nisiseme kitu. Anakwenda kuweka kuni. Kengele ikilia, niingie naye.

Nikageuka kumwambia. Mama. Mama, wamekubali.

Hajajibu.

Amelala. Zile dawa za asubuhi humlevya, daktari alisema. Amelala.

Naandika ili nisimtazame. Mkono wake uko mkononi mwangu, una baridi, lakini mikono yake siku zote ina baridi, na mvua hii. Sisikii pumzi. Mvua inapiga kelele kwenye mabati ya banda la mlinzi, nani angesikia pumzi? Ningemgusa shingoni tu. Kidole kimoja. Nikigusa nitajua, na nikijua nitaulizwa. Kisha itakuwaje? Tutarudi nyumbani na msandali wake kwenye plastiki, moto uondoke, asiuone. Au nitadanganya, na huo ndio unaonuka. Nimbebe adui nikamweke mbele ya mfalme wao, siku yake ya mwisho hapa, mimi, mtu wa nje waliyeniamini dakika hii hii!

Nisipogusa, sijui. Asiyejua si mwongo. Ndivyo au sivyo, Mama? Nijibu basi. Nigombeze.

Macho yake hayajafumbika vizuri. Kuna upenyo. Mtu anaweza kuona kwa upenyo huo.

Kengele.

Kuhani yuko mlangoni, kitambaa mdomoni. Ananipungia: mlete. "Yukoje?" anauliza. Nimeinua mkono wenye kalamu, kama kusema ngoja kidogo, namalizia. Mkono mwingine tayari uko chini ya magoti ya Mama. Anauliza tena.

Mbwa wa mlinzi katoka bandani kwenye mvua. Kaja mpaka hapa kwenye kiti. Habweki. Kaketi, sikio lake moja limesimama, anamtazama Mama, na hageuzi macho.